Cheti Ukutani, Mfamasia Yuko Wapi?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, wanafunzi wa tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huketi na wazazi wao kupanga machaguo, na kwa wengi famasia huangukia nafasi ya pili. Ya kwanza ni udaktari. Famasia huwekwa pale kama akiba: alama zisipotosha kule, huenda zikatosha huku. Baada ya hapo huja maswali matatu ambayo hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka. Ajira zipo? Mshahara ukoje? Nikimaliza naweza kufungua duka langu? Ni maswali halali na makala haya yatayafikia. Yote matatu, hata hivyo, yanaruka swali linalopaswa kutangulia, ambalo halimo katika mwongozo wa udahili wala katika kikao cha familia: je, uko tayari kufanya kazi ambayo sehemu yake kubwa ni kumzuia mtu asipate anachokitaka, tena akiwa na pesa mkononi na foleni nyuma yake? Hoja yangu ni kwamba thamani ya mfamasia imo katika uamuzi wake. Kwamba soko la dawa la Afrika Mashariki kwa sasa linapenda kununua jina lake bila yeye mwenyewe. Na kwamba kijana asiyetaka kusimama kaunta na kusema hapana ni heri asome kitu kingine, hata kama ana A ya Kemia.

Tuanze na ujuzi wenyewe, maana mtaani wapo wanaoamini kuwa kazi hii ni kusoma mwandiko wa daktari, kuhesabu vidonge na kuandika 1x3 juu ya bahasha. Chukua rifampisini, dawa iliyomo katika dozi ya kawaida ya kifua kikuu, ambayo mgonjwa huimeza kwa miezi sita. Pamoja na kuua bakteria, rifampisini hulichochea ini lizalishe kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa nyingine. Mgonjwa huyo akiwa pia anaishi na VVU na anatumia dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo mhimili wa matibabu ya VVU nchini Tanzania, kidonge chake kimoja cha miligramu 50 kwa siku hakitoshi tena. Anahitaji miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, na aendelee hivyo kwa wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini, kwa sababu ini halirudi katika hali yake siku hiyohiyo. Akiwa ni mwanamke aliyewekewa kijiti cha uzazi wa mpango, kinga yake hupungua bila yeye kuhisi lolote. Akija famasi kununua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, ndani ya saa 72 zinazotakiwa, dozi ya kawaida inaweza isimsaidie. Miongozo ya Uingereza, kwa mfano, humpa chaguo la kitanzi cha shaba, au dozi maradufu pale kitanzi kisipowezekana. Dirishani huyu ni binti aliyeomba P2, kalipa, na ana haraka ya kuondoka. Hakuna kilichoandikwa usoni pake kuhusu kifua kikuu. Anayeweza kumwokoa ni mtu anayejua ni swali gani la kumuuliza, na anayejua kuliuliza kwa sauti ambayo wa nyuma yake hawatasikia.

Wala si lazima yawe magonjwa makubwa. Mtu mwenye mafua na maumivu ya mgongo hununua vidonge vya mafua, akaongeza diklopa, na nyumbani ana Panadol. Vyote vitatu vina parasetamo ndani yake, na kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa siku. Kupita hapo kwa siku kadhaa ni kuliweka ini hatarini. Diklofenaki iliyomo kwenye diklopa hupandisha presha, huumiza figo zilizochoka na huchokonoa vidonda vya tumbo, na wanaoiomba zaidi ni wazee wenye matatizo hayohayo. Kuna pia dawa mseto ya malaria: vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne kila mara, kwa siku tatu. Lumefantrini iliyomo humo hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta. Mgonjwa anayeimeza kwa chai ya rangi kwa kuwa hana hamu ya kula anaweza kumaliza dozi yote na asipone, kisha atasema dawa ni feki. Maelezo hayo huchukua dakika moja. Thamani ya dakika hiyo haionekani kwenye risiti, na ndiyo maana ni rahisi kuifuta.

Kazi hii ilitengwa zamani na ile ya tabibu, kwa sababu ambayo bado ina uzito. Katika Baghdad ya enzi za Bani Abbas maduka ya dawa yalikuwa chini ya jicho la muhtasibu, ofisa wa soko aliyekagua mizani na bidhaa. Huko Sicilia, katika karne ya 13, Mfalme Frederick II alipiga marufuku tabibu kushirikiana kibiashara na muuza dawa, ili anayeandika dawa asinufaike na wingi wa alichoandika. Kinachokosekana katika historia hiyo ya kale ni kipimo cha ubora, na hicho kililetwa na misiba. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza salfanilamidi ya maji. Iliiyeyusha katika dayethilini glaikoli, ikakagua ladha, rangi na harufu, ikaridhika, ikasambaza. Haikupima kama ile glaikoli ni sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwemo watoto, na mwaka uliofuata Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kutaka usalama wa dawa uthibitishwe kabla ya kuuzwa. Miaka 85 baada ya msiba huo, mwaka 2022, watoto wapatao 70 nchini Gambia walikufa baada ya figo zao kushindwa kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa tahadhari mwezi Oktoba kuhusu dawa za maji za kikohozi zilizokutwa na glaikoli ileile. Kemia ilikuwa inajulikana tangu zamani. Kilichokosekana ni mtu, katika mnyororo mrefu kutoka kiwandani hadi kijikoni, aliyesimama na kusema mzigo huu haupiti hadi upimwe.

Ndiyo maana mwanafunzi anayedhani famasia ni duka tu anapunguza fani nzima hadi kwenye chumba kimoja. WHO ilikadiria mwaka 2017 kuwa dawa na vifaa tiba vilivyo chini ya kiwango au bandia ni 1 kati ya kila 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Anayetathmini jalada la dawa kabla haijasajiliwa, anayekagua kiwanda, anayechukua sampuli sokoni, anayepanga mahitaji ya nchi pale Bohari ya Dawa ili hospitali ya wilaya isikaukiwe na oksitosini: hizi zote ni kazi za wafamasia au za watu wanaofanya kazi bega kwa bega nao. Tanzania ina sababu ya kujivunia hapa. Mwaka 2018 mamlaka yake ya dawa, wakati huo ikiitwa TFDA na sasa TMDA, ilikuwa ya kwanza Afrika kuthibitishwa na WHO kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu wa udhibiti. Sifa hiyo haikuletwa na majengo. Ililetwa na watu waliosoma majalada hadi usiku na kuyarudisha kwa waombaji yalipokuwa na kasoro, huku mfanyabiashara akipiga simu kuuliza kuna nini.

Sasa turudi kaunta, maana wahitimu wengi watapitia hapo na ndipo fani inapopimwa hadharani. Mteja anataka nusu dozi ya antibayotiki kwa sababu pesa aliyonayo ndiyo hiyo. Mwingine anataka sindano kwa kuwa jirani alichomwa akapona. Wa tatu anataka antibayotiki ya Azuma kwa mafua ambayo yangepona yenyewe baada ya siku tano. Kwa muuzaji wa kawaida wote watatu ni mauzo, na mteja ni mfalme. Kwa mfamasia wote watatu ni kesi. Utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa vifo milioni 1.27 duniani mwaka 2019 vilisababishwa moja kwa moja na bakteria wasiosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Wenye umri wa kutosha nchini wameona jambo kama hilo likitokea kwenye malaria. Klorokwini ilishindwa, mwaka 2001 ikaachwa na nafasi yake kuchukuliwa na SP. SP nayo ikadhoofika, na mwaka 2006 sera ikahamia dawa mseto. Sasa dalili za usugu wa awali dhidi ya artemisinini zimeshathibitishwa Rwanda, Uganda na mkoani Kagera. Sidai kwamba nusu dozi za mtaani ndizo zilizoleta yote hayo, kwa kuwa sababu ni nyingi. Ninachodai ni kwamba kaunta ni mojawapo ya sehemu chache ambapo binadamu mmoja anaweza kulipunguza tatizo hilo kwa kauli yake, ilimradi awepo.

Hapo kwenye kuwepo ndipo penye jipu. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 inataka biashara ya famasi iwe chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa, na bila jina lake kibali hakitoki. Mwenye mtaji ana fremu, mashelfu na mzigo. Anachokosa ni jina. Kijana aliyehitimu ana jina. Anachokosa ni kazi. Wanakutana. Cheti kinatundikwa ukutani, kila mwezi kijana anatumiwa kiasi fulani kwenye simu, na kaunta anasimama mtu mwingine ambaye huenda hakusomea chochote. Hili si siri. Baraza la Famasi limelikemea mara nyingi, na Kenya nayo, kupitia bodi yake ya famasia na sumu, imekuwa ikipambana na ugonjwa uleule. Watetezi wake husema hakuna anayeumia: mwenye duka amepata kibali, mhitimu amepata cha kumsogeza, wakazi wamepata dawa karibu.

Tulichunguze dai hilo kwa jicho la uchumi kwanza, kwa kuwa ndilo wanalolielewa wahusika. Mhitimu anayekodisha cheti anamfundisha mwenye duka jambo moja lenye gharama kubwa: kwamba duka linaendeshwa vizuri bila mfamasia. Mwenye duka akishalijua hilo hatakuja kulipa mshahara kamili kwa ajili ya mtu ambaye ukutani anampata kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Mhitimu wa mwaka unaofuata, aliye tayari kusimama mwenyewe saa nane kwa siku, anakuta bei ya soko imeshapangwa na wenzake wasiokuwepo. Halafu watu haohao hukaa kulalamika kuwa fani haina heshima. Heshima ya kazi hujengwa na watu kuona tofauti kati ya palipo na mtaalamu na pasipo na mtaalamu, na mkazi ambaye kwa miaka kumi amehudumiwa na msichana asiyesomea, chini ya cheti cha mtu asiyemjua, hana pa kuionea tofauti hiyo. Upande wa sheria ni mfupi zaidi: binti wa P2 au mzee wa diklopa akidhurika, jina lililo ukutani ndilo litakaloitwa, na hakuna mtu atakayeuliza lilikuwa likilipwa kiasi gani.

Kuna pingamizi zito kuliko yote, nalo halitoki kwa wavivu. Linatoka kwa watu wanaojua vijijini kulivyo. Wanasema mfamasia anayesema hapana ni anasa ya mjini. Kijijini kwenye duka moja, zahanati iko kilomita 15 na boda boda ni ghali, hapana hiyo humaanisha mgonjwa harudi na hatibiwi. Wanaongeza kuwa Tanzania yenyewe imeshathibitisha kuwa shahada ya miaka minne si lazima. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa kubadili maduka ya dawa baridi kuwa Duka la Dawa Muhimu, DLDM. Watoa dawa walipewa mafunzo ya wiki chache tu, maduka yakaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa ikiwemo baadhi ya antibayotiki, yakakaguliwa na kusajiliwa. Mpango ulifanikiwa kiasi cha kuenezwa nchi nzima na kuigwa Uganda na Liberia. Kama wiki chache zinatosha, miaka minne ya nini?

Jibu langu linaanza kwa kukubali. Ndiyo, nchi hii haitakuwa na mfamasia katika kila kijiji katika muda wa kizazi hiki, na anayetaka maduka yote yasiyo na mfamasia yafungwe anataka watu wakose dawa. DLDM ni jambo jema. Lakini tazama jinsi linavyofanya kazi. Mtoa dawa anaweza kuaminiwa baada ya wiki chache kwa sababu uamuzi mgumu ulishafanywa kabla yake: kuna watu walioketi kuchagua dawa zipi ziingie kwenye orodha na zipi zisiingie, wakaandika dalili ambazo akiziona asiuze kitu bali ampeleke mgonjwa zahanati, wakapanga ukaguzi, wakahakikisha alichouziwa na msambazaji ni dawa kweli. Ujuzi wa miaka minne haukuondolewa kwenye mfumo; umehamishiwa ngazi ya juu na kugeuzwa kuwa kanuni. Na kanuni zina kikomo chake. Mgonjwa wa rifampisini na dolutegraviri hayumo kwenye orodha ya wiki chache, naye anaishi kijijini vilevile. Mafanikio ya DLDM kwangu ni ushahidi kuwa tunahitaji wafamasia wachache walio makini mno katika ngazi ya wilaya na mkoa, wanaotoka ofisini na kuyafikia maduka hayo. Ni kazi tofauti na ndoto ya kumiliki famasi Kariakoo, na chuoni ilipaswa kuelezwa kwa uwazi zaidi.

Pingamizi la pili ni ajira, na hapa sina maneno ya kufariji. Nafasi za serikali hutangazwa kwa makundi na waombaji huzizidi. Vyuo vinavyotoa shahada hii vimeongezeka tangu siku ambazo Muhimbili, iliyoanza kufundisha famasia mwaka 1974, ilikuwa peke yake. Kenya inaonyesha kuwa hata nchi yenye chama cha wafanyakazi chenye meno haijalimaliza suala hili. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, chini ya chama ambacho jina lake linawataja pia wafamasia na madaktari wa meno, ulidumu siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya wahitimu walio katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo: mkataba wa 2017 ulisema Sh206,000 za Kenya kwa mwezi na serikali ikasema inaweza Sh70,000. Mzazi anayemwambia mwanawe kwamba fani za afya hazina shida ya ajira anazungumzia nchi ya miaka 30 iliyopita.

Kuna wanaoweka matumaini ng'ambo, nao wanapaswa kujua mambo mawili mapema. La kwanza ni la makaratasi: Marekani kwa miaka mingi imewataka wahitimu wa nje waliomaliza kuanzia 2003 wawe wamesoma famasia kwa miaka isiyopungua mitano, wakati shahada ya Tanzania ni ya miaka minne. Kwa kanuni hiyo, Mkenya aliyesoma mitano Nairobi amekuwa na njia ambayo Mtanzania hakuwa nayo. La pili ni kwamba kwenye pesa nako kuna kilio kilekile. Septemba 2023 wafamasia wa maduka ya dawa ya CVS mjini Kansas City walisusia kazi, na kubwa walilolalamikia halikuwa mshahara. Walisema wamepewa mzigo usiowaachia muda wa kuhakiki wanachokitoa. Watu wanaolipwa vizuri kuliko karibu mfamasia yeyote wa ukanda huu waliacha kaunta kwa sababu waliona wameondolewa ile dakika moja. England imekwenda njia nyingine: tangu Januari 31, 2024 mfamasia wa mtaani anaweza kutibu maradhi saba ya kawaida bila mgonjwa kuonana na daktari, na analipwa kwa mashauriano hayo. Nchi mbili tajiri, mitazamo miwili tofauti juu ya kile anachouza mfamasia.

Mfano huo wa England ndio ninaotaka wapangaji wetu wautazame wakati Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023, inapoanza kuwekwa kwenye vitendo. Bima inayolipia kidonge peke yake itaendeleza tabia iliyopo: faida iko kwenye kutoa, hasara iko kwenye kuzuia. Mfamasia aliyemweleza mgonjwa asinunue dawa ya tatu kwa kuwa inagongana na ya kwanza amemwokoa mgonjwa, ameuokoa mfuko wa bima, na amelitia duka lake hasara, yote kwa sentensi moja. Mfumo unaomwadhibu mtu kwa kufanya kazi yake vizuri hauwezi kumlaumu anapokwenda kukodisha cheti. Mtu anaweza kusema hapa kwamba basi hilo ni tatizo la sera, kijana wa kidato cha sita ana kosa gani? Hana kosa. Lakini yeye ndiye anayechagua kuingia kabla sera haijabadilika, na atakayeishi humo kwa miaka mingi akisubiri ibadilike au akiisukuma.

Kuhusu hofu ya mashine kuchukua kazi, sina mengi. Programu tayari hutambua dawa zinazogongana haraka kuliko binadamu, na mashine huhesabu vidonge bila kukosea. Asante kwao. Programu inategemea kuambiwa mgonjwa anatumia nini, na wagonjwa wetu hununua dawa sehemu tatu, hutumia mitishamba ambayo hawaitaji, na humeza dozi ya marehemu mjomba iliyobaki kabatini. Anayeogopa mashine ni yule ambaye tangu mwanzo alipanga kufanya kazi ya mashine.

Masomo yenyewe ni magumu kwa namna yake, na inafaa kusema hivyo bila kutishana. Kemia ya kikaboni haiishii kidato cha sita. Inarudi ikiwa na meno. Kuna fiziolojia, mikrobiolojia, famakolojia yenye majina mengi ya dawa ya kukariri, hesabu za dozi ambazo kosa la nukta moja hugeuza miligramu 5 kuwa 50, utengenezaji wa dawa, mimea dawa, sheria na maadili. Baada ya miaka minne kuna mwaka wa mafunzo kwa vitendo kabla ya usajili kamili. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri atayamaliza hayo. Asiyeyamaliza vizuri, hata kama kafaulu mitihani, ni yule anayechukia kuulizwa swali lilelile mara ishirini kwa siku, au anayeona haya kumpigia simu daktari bingwa na kumwambia kwa adabu kwamba dozi aliyoandika haiendani na figo za mgonjwa. Hilo la pili ni gumu kuliko kemia. Hospitalini kuna ngazi, na mfamasia kijana yuko chini. Sauti yake itapuuzwa mara kadhaa kabla ya kusikilizwa, na siku itakaposikilizwa hakuna atakayekumbuka kumshukuru, kwa sababu madhara yaliyozuiwa hayaonekani wodini.

Wapo watakaosoma hadi hapa na kusema mwandishi anawafukuza watu kwenye fani inayowahitaji. Uhitaji ni wa kweli. Afrika bado inaagiza sehemu kubwa ya dawa zake kutoka nje. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kufanya kazi Novemba 2021 na makao yake yako Kigali, utahitaji watathmini. Viwanda vya Kibaha, Nairobi na Kampala vitahitaji watu wa ubora. Uhitaji huo, hata hivyo, haujazwi kwa kuongeza idadi ya majina kwenye daftari la usajili. Jina linaloning'inia ukutani linahesabiwa kwenye takwimu kama mfamasia mmoja na halimhudumii mtu yeyote. Wahitimu 100 wanaokuwepo kazini wana faida kwa nchi kuliko 300 ambao karibu wote ni vyeti.

Kwa kijana ambaye bado hajaamua, na fomu iko mbele yake, ushauri wa vitendo ni huu. Aombe ruhusa ya kukaa siku moja katika dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, hasa Jumatatu, asikilize maswali ya wagonjwa na ahesabu ni mangapi angependa kuyajibu kwa miaka 30. Ajiulize pia kama duka analoliota lingebaki kuwa ndoto yake endapo sheria ingemtaka awepo ndani yake tangu linapofunguliwa hadi linapofungwa. Na kama anaipenda kaunta lakini hana uhakika na kemia au na ada, ipo stashahada ya miaka mitatu katika vyuo vinavyosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, inayomfanya kuwa mteknolojia dawa. Ni kazi kamili yenye usajili wake, wala si daraja la walioshindwa. Wapo wanaofanya kazi nayo miaka miwili mitatu ndipo wakaomba shahada, na kwa maoni yangu vyuo vikuu vingefanya vizuri kuwatengea nafasi zaidi.